Jina Moja Jaladani, Bendi Nyuma Yake: Uanze na Albamu Ipi?

Thom Yorke, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza, Radiohead, alipotoa The Eraser, Julai 2006, hakupenda kabisa watu waiite albamu ya peke yake. Ukiisikiliza unamwelewa. Ile piano inayofungua wimbo wa kwanza ilipigwa na Jonny Greenwood, mpiga gitaa wa bendi yake. Mapigo yanayoubeba wimbo wa "Black Swan" yametoka kwenye rekodi ya mwaka 2000 ya Phil Selway, mpiga drama wa Radiohead, na Ed O'Brien, mpiga gitaa wao mwingine. Angalau wenzake watatu kati ya wanne wamo humo ndani, na jaladani jina ni moja.

Miezi minne baadaye, Novemba, Jarvis Cocker, mwimbaji wa Pulp, bendi nyingine ya Uingereza, naye akatoa albamu aliyoiita Jarvis tu. Huyu hakwenda mbali kutafuta watu. Besi alishika Steve Mackey, mpiga besi wa Pulp. Gitaa alishika Richard Hawley, ambaye alikuwa akizunguka na Pulp kwenye maonyesho yao. Hawa hawakuwa vipande vya rekodi. Walikuja na vyombo vyao, wakachomeka nyaya, wakapiga.

Nazilinganisha hizi mbili kwa sababu ya mdogo wangu anayepiga besi kwenye bendi ya hotelini, upande wa Masaki. Kaniuliza: "Kaka, hawa wanaotoa albamu zao huku bado wana bendi, nianze na nani?" Anauliza kama msikilizaji, lakini najua ana lake moyoni. Ana nyimbo zake, karibu daftari zima, ambazo bendi haizigusi, maana mgeni wa hoteli anataka wimbo anaoujua tayari. Anachotaka kujua hasa ni kama mtu anaweza kutoka na jina lake, akawatumia wenzake walewale, na Ijumaa wakapanda jukwaani bila kununiana.

Dar haina mazoea na jambo hili. Kwenye dansi, mtu akichoka na bendi anahama. Mwaka 1985 Muhidin Maalim Gurumo na wenzake kadhaa walipoondoka Mlimani Park (Sikinde) kwenda Orchestra Safari Sound (OSS), ule ulikuwa uhamisho kamili, kama mchezaji anayetoka Simba kwenda Yanga: jezi mpya, na waliobaki wajipange upya. Hakukuwa na habari ya kutoa albamu pembeni kisha Jumatatu unarudi mazoezini. Aliyekaribia ni Remmy Ongala. Songs for the Poor Man ya mwaka 1989, iliyorekodiwa kwenye studio za Real World huko Uingereza, ina jina la Remmy mbele na Orchestre Super Matimila nyuma yake. Na sote tunajua ni jina lipi lililobaki midomoni mwa watu. Konda wa daladala mpaka leo anaita "Sinza kwa Remmy". Hajawahi kuita kwa Matimila.

Kwa hiyo nikipima albamu za namna hii, jina la jaladani naliweka kando. Naangalia jambo moja: wimbo ulipokuwa unarekodiwa, walikuwa wangapi chumbani kwa wakati mmoja? Sikio la Dar limefundishwa hilo zamani. Bendi zetu za dansi zilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, zikapiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tumba na tarumbeta, na ukizisikiliza leo unamsikia mpiga rithimu akimsubiri mpiga solo amalize alichokuwa anasema. Kusubiriana huko ama kupo ama hakupo, hata kama wimbo ni wa Kiingereza na umetoka Sheffield.

Aliyekata vipande na walioketi pamoja

Tuanze na Yorke. Radiohead walikuwa mapumzikoni baada ya albamu yao ya Hail to the Thief (2003) na mizunguko yake ya maonyesho, na iliyofuata, In Rainbows (2007), ilikuwa bado haijaiva. Yorke akaingia kazini na Nigel Godrich, prodyuza yuleyule wa Radiohead, na vipande vya sauti vilivyokuwa vimelala kwenye kompyuta. Godrich si mtu wa kupita haraka. Kuna mashabiki wanaomhesabu kuwa mwanabendi wa sita. Maana yake ni kwamba hata siku Yorke alipotoka nyumbani, alitoka na mtu wa nyumbani.

Fungua wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu. Piano inakuja kwa mafungu ya sauti, na kila fungu linakatwa kabla halijamaliza kulia. Sauti haifi yenyewe, inakomeshwa. Greenwood alizipiga, Yorke akazirekodi, akazikata, akazipanga kwa mpangilio wake. Mikono ni ya mmoja, uamuzi ni wa mwingine. Halafu biti nyembamba inaingia, na sauti ya Yorke inakaa mbele kabisa, kavu, bila mwangwi wa kujifichia. Kwenye albamu za Radiohead wa kipindi kile, sauti yake mara nyingi huzama katikati ya vyombo vya watu wanne. Hapa hakuna pa kuzama. Kama ulikuwa hujui kwamba anaimba vizuri hivyo, utajua leo.

Msikilizaji aliyekulia kwenye singeli hatashtushwa na mashine za The Eraser. Kasi ni ndogo mno kwa kulinganisha, tena hakuna wa kukuamsha ucheze, lakini tabia ya kuchukua kipande kidogo na kukirudia mpaka kikukae kichwani ni ileile. Nimeona watu wa singeli wakiielewa albamu hii haraka kuliko watu wa gitaa. Mtu wa gitaa anangoja gitaa lije. Haliji, au likija, kama kwenye "Black Swan", linarudia maneno yaleyale mpaka mwisho.

Wimbo wa nane, "Harrowdown Hill", ndio nguzo. Unaanza na besi, nzito na ya kukwaruza, inayokimbia peke yake kabla vingine havijaifuata. Kinachoimbwa ni kisa cha David Kelly, mtaalamu wa silaha wa Uingereza aliyekutwa amekufa mwaka 2003 kwenye msitu wa Harrowdown Hill, Oxfordshire, wakati wa sakata la silaha za Iraq. Usiusikilize kwa spika ya simu. Spika ya simu haitoi besi ile kabisa. Utasikia mtu analalamika juu ya vijiti vinavyogongana, basi. Tafuta hedifoni za waya, hata zile za Kariakoo, mradi ziwe na besi.

Kasoro yake? Hakuna aliyembishia. Wapo prodyuza na vipande vya wenzake, lakini kipande hakiwezi kusema "Thom, hii imeshatosha." Ikifika "Skip Divided" mimi hupandisha sauti si kwa kupenda, ila kwa kutafuta kilichopo. Nyimbo ni tisa tu, dakika arobaini na kitu, na bado katikati pana mahali panapokauka.

Kilichotokea baadaye kinaeleza mengi. Mwaka 2009 Yorke alitaka kuzipiga nyimbo hizi laivu, na ilibidi atafute bendi. Alimleta Flea wa Red Hot Chili Peppers kwenye besi na Godrich mwenyewe kwenye vyombo, wakaja kuitwa Atoms for Peace, na mwaka 2013 wakatoa albamu yao, Amok. Muziki uliotengenezwa kwa kukata watu vipande ulihitaji watu wazima wazima ili upande jukwaani.

Sasa Cocker. Pulp walikuwa wameweka vyombo chini tangu 2002, mwaka mmoja baada ya albamu yao ya We Love Life. Yeye alikuwa amehamia Paris, lakini kazi ya albamu aliirudisha Sheffield, mji wake na wa hao aliowaita. Prodyuza alikuwa Graham Sutton. Drama alipiga Ross Orton, mtu wa Sheffield pia, ambaye miaka saba baadaye mkono wake ungekuwepo kwenye AM, albamu ya bendi ya Arctic Monkeys.

"Don't Let Him Waste Your Time" ndio wimbo wa kumwekea mtu asiyeamini. Cocker aliutunga kwa ajili ya Nancy Sinatra, aliyeurekodi kwenye albamu yake ya 2004, kisha akauchukua na kuuimba mwenyewe. Sikiliza gitaa la Hawley. Halipigani na mwimbaji. Cocker akishusha sentensi, gitaa linajibu. Akiendelea, gitaa linakaa kimya na kumwachia Mackey na Orton barabara. Hapa ndipo ninaposikia kile cha Barabara ya Pugu. Mtu anamngoja mwenzake, na kumngoja kwenyewe kunakuwa sehemu ya wimbo.

Mackey anastahili aya yake. Besi yake kwa Pulp haikuwa ya kujionyesha, na hapa pia si ya kujionyesha. Inatembea chini ya maneno ya Cocker bila kuyakanyaga, na Cocker ana maneno mengi. Pulp hawakutoa albamu nyingine mpaka More, Juni 2025, na hapo Mackey alikuwa ameshafariki, Machi 2023. Albamu hiyo wakamwekea wakfu. Jarvis ni moja ya sehemu chache, baada ya We Love Life, ambapo unawasikia wawili hao pamoja kwa urefu wa albamu nzima. Mdogo wangu, kama mpiga besi, hana kisingizio cha kuiruka.

Wanaosema Jarvis haikatwi vipande, nao wasikilize "Black Magic". Wimbo ule umejengwa juu ya kipande cha "Crimson and Clover" ya Tommy James and the Shondells. Tofauti ni kwamba Cocker alikata rekodi ya watu wa mbali, na wa kwake akawaacha wapige.

Lakini nisiipambe kupita kiasi. Kuna wakati unaisikiliza na kuhisi kuna mtu hajaitwa. Huyo ni Candida Doyle, mpiga kinanda wa Pulp. Vinanda vyake vya bei nafuu ndivyo vilivyoufanya wimbo wao wa "Common People" upande juu kama unavyopanda. Bila yeye, nyimbo kama "Heavy Weather" zinabaki nzuri na za kawaida. Ukitoka na nusu ya bendi, watu watasikia nusu iliyobaki nyumbani.

Na onyo kwa familia. Baada ya wimbo wa mwisho kwenye CD kuna kimya kirefu, kisha unatokea wimbo uliofichwa, "Running the World". Kiitikio chake kina tusi zito kwa watawala wa dunia, tena linarudiwa kwa furaha. Ukiiacha CD inazunguka sebuleni mkaanza kula, litawakuta mezani na mama mkwe. "Black Swan" ya Yorke nayo ina lake. Sijui kwa nini wakubwa hawa wawili waliamua mwaka uleule.

Wimbo mmoja, vyumba viwili

Kama huna subira ya albamu mbili nzima, kuna njia fupi ya kusikia tofauti ninayoizungumzia, na kwa maoni yangu ndiyo safi kuliko zote. Adrianne Lenker, mwimbaji wa Big Thief ya Marekani, alitoa abysskiss mwaka 2018, yeye na gitaa lake na vitu vichache pembeni, prodyuza akiwa Luke Temple. Humo mna nyimbo mbili, "From" na "Terminal Paradise". Mei 2019 Big Thief wakatoa U.F.O.F., na nyimbo hizo mbili zimo tena, safari hii na wenzake: Buck Meek kwenye gitaa, Max Oleartchik kwenye besi, James Krivchenia kwenye drama.

Ziweke zifuatane. "From" ya peke yake ni vidole na pumzi. Unasikia kabisa ngozi ya kidole ikihama kwenye waya. Kwa sababu hakuna anayemngoja, anaweza kuchelewesha neno apendavyo. Kwenye toleo la bendi hawezi tena. Krivchenia ameweka mapigo, na neno likichelewa litaukuta wimbo umeshaondoka. Kwa hiyo anaimba kwa namna nyingine, amejiegemeza kwenye mapigo, na besi inaupa uzito ule uliokuwa unaukisia tu mwanzoni. Maneno yaleyale, tuni ileile. Sijui ipi ni bora na sitajifanya najua. Asubuhi nataka ya kwanza.

Lenker na Meek waliwahi kuwa mke na mume, wakaachana, na bendi haikuvunjika. Nawaza bendi ngapi za Kinondoni zingevuka hapo.

Halafu anakuja kuniharibia hesabu. Bright Future, Machi 2024, ina jina lake peke yake na hakuna hata mwenzake mmoja wa Big Thief ndani yake. Waliopiga ni Nick Hakim, Mat Davidson na Josefin Runsteen, wakiwa kwenye studio iliyojificha msituni, kwa tepu. Wimbo wa "Vampire Empire" umo, na Big Thief walikuwa wameshautoa Julai 2023. Ungetegemea wa bendi uwe wa watu wengi na wa kwake uwe wa upweke. Ni kinyume. Huu wa Bright Future ni mbichi, una fidla, una kelele za watu wanaogongana viwiko chumbani. Kwa kipimo changu cha nani alikuwa chumbani, albamu isiyo na mwanabendi hata mmoja ni ya bendi kuliko The Eraser yenye watatu.

Wengine wawili, kwa haraka

Damon Albarn, mwimbaji wa bendi ya Blur ya Uingereza, nampitia kwa sababu ya nyumbani. Everyday Robots, Aprili 2014, haikuwashirikisha wenzake wa Blur. Kazi kubwa ni yake na prodyuza Richard Russell, na Brian Eno anaimba kwenye wimbo wa mwisho. Lakini mle ndani kuna "Mr Tembo", na huyo ni mtoto wa tembo aliyeachwa yatima ambaye Albarn alikutana naye Mkomazi, hifadhi yetu ile iliyo kati ya Same na Lushoto. Anaimba na ukulele, nyuma kuna kwaya ya kanisa kutoka Leytonstone, mtaa wa utoto wake London. Ni wimbo mwepesi kuliko wote kwenye albamu yenye huzuni nyingi, na watoto wanaudaka siku ileile. Kama unataka kusikia mwanabendi akiwa kweli hana bendi, hii ndiyo. Ukitaka kinyume chake, kuna Think Tank ya 2003: jaladani imeandikwa Blur, lakini Graham Coxon, mpiga gitaa wao, anasikika kwenye wimbo mmoja tu, "Battery in Your Leg". Jina la wote, na mmoja hayupo.

Ed O'Brien, yuleyule wa mapigo ya "Black Swan", alisubiri hadi Aprili 2020 kutoa Earth, kwa jina la EOB. Wageni ni wengi na wakubwa. Mwenzake wa Radiohead ni mmoja, Colin Greenwood, kwenye besi ya "Brasil". Wimbo huo una zaidi ya dakika nane. Unaanza na gitaa kavu, taratibu, kama mtu anayejisemesha, kisha katikati unageuka na kuwa wa kucheza, na besi ya Colin ndiyo inayougeuza. Mtu wa dansi atautambua mara moja: mwanzo wa mashairi, halafu chemko. Albamu nzima sikulazimishi. "Brasil" nakulazimisha.

Basi uanze na ipi

Uko peke yako, usiku, foleni ya Ubungo imekwisha na una hedifoni: The Eraser. Ni ya mtu mmoja kusikiliza, na inapoteza nusu yake ikiwekwa kwenye spika ya barazani huku watu wanaongea. Ukiikatia tamaa kwenye wimbo wa tatu, ruka moja kwa moja hadi "Harrowdown Hill", halafu rudi.

Mko wanne, kuna kahawa, na mmoja wenu bado anabisha kwamba roki ni kelele: Jarvis, na anza na "Don't Let Him Waste Your Time". Mzee aliyekulia kwenye Sikinde na OSS atakuuliza nani anapiga gitaa hilo. Hatakuuliza hivyo kwa The Eraser, kwa sababu jibu lake lingechukua nusu saa. Zima CD wimbo wa mwisho ukiisha.

Bando limebaki kidogo na hutaki kubahatisha albamu nzima: "From" mara mbili, ya abysskiss kwanza, ya U.F.O.F. baadaye. Wimbo mmoja kwa nafsi zake mbili, na utajua wewe ni mtu wa chumba kipi kabla hujatumia zaidi.

Kuna watoto ndani ya nyumba: "Mr Tembo".

Ningelazimishwa kuchagua moja tu kuwa bora, ningesema The Eraser ni albamu iliyokamilika zaidi na Jarvis ndiyo ninayoirudia. Naona hilo linatokea kwa watu wengi ninaowajua, hata wale wanaobishana nami kwamba Yorke ni mkubwa kuliko Cocker. Ni mkubwa. Lakini mtu hurudi mahali alipokaribishwa.

Kuhusu mdogo wangu na daftari lake, nilimwambia kila njia ina gharama yake. Ya Cocker inataka wenzake wapatikane siku moja, chumba cha mazoezi kilipiwe kwa saa, na awe tayari mpiga drama akisema wimbo wake wa tatu ni mrefu mno. Ya Yorke ni nafuu. Bendi ikimaliza kupiga hotelini, anamwomba mpiga kinanda dakika kumi, anarekodi kwa simu, anakwenda kukatakata nyumbani. Nafuu hiyo ndiyo yenye mtego. Mpiga kinanda akiusikia wimbo redioni baada ya miezi sita na mikono yake imo, na hakuambiwa, hapo hamtapanda jukwaa Ijumaa. Greenwood na Selway walitajwa. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji pia, si mtunzi peke yake, na makubaliano ya karatasi moja kabla ya kurekodi yanamaliza mengi: nani alipiga nini, atatajwa vipi, atapata kiasi gani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa kaka, lakini mpiga kinanda wetu hapigi kitu dakika kumi bila kula kwanza." Basi aongeze na chipsi kwenye bajeti.